Ring ya Kikorea na Ring ya Kijapani: ni kopi kweli, na uanze na ipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Juzi nimepewa flashi imejaa muvi za Kikorea, ndani yake nimekuta moja inaitwa The Ring Virus. Kuiangalia kumbe stori ni ileile ya mkanda wa video ambao ukiuangalia unakufa siku ya saba, na yule binti wa kisimani ambayo niliionaga ya Kimarekani nikiwa mdogo. Rafiki yangu ananiambia hiyo ya Kikorea ni kopi tu ya Kijapani, nimepoteza muda bure. Lakini mi niliipenda, na yule binti mwenyewe nilimhurumia sana. Je ni kopi kweli? Na nikiitafuta ya Kijapani nitaona kitu kipya au ndo yaleyale?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Swali lako limenigusa hapo uliposema binti ulimhurumia. Mtu aliyeanza na ile ya Kijapani hakwambii hivyo hata siku moja, yeye atakwambia alilala taa inawaka, atakwambia aliigeuza TV ikatazama ukutani. Kwa hiyo bila kujua umeshajibu nusu ya swali lako mwenyewe, kilichobaki ni mimi kukueleza imekuwaje stori moja mtu mmoja atoke nayo na hofu na mwingine atoke nayo na huruma. Nitataja mambo mpaka mwisho wa muvi zote mbili, wewe umeshaiona moja kwa hiyo haikuharibii sana, ila kama kuna mtu anachungulia simu yako hapo pembeni mwambie mapema.

Tupange foleni kwanza, maana hizi Ring ni nyingi na watu wanazichanganya. Kilichotangulia ni kitabu, riwaya ya Koji Suzuki ya mwaka 1991. Mwaka 1995 Japani wakaitoa kama filamu ya TV. Halafu tarehe 31 Januari 1998 ndo ikatoka kwenye majumba ya sinema ile ambayo dunia nzima inaijua, dairekta Hideo Nakata, skripti kaandika Hiroshi Takahashi, na watu wengi huiita Ringu ili isichanganywe na nyingine, mi pia nitaiita hivyo. Ya Kikorea ikafuata Juni 1999, dairekta Kim Dong-bin, na kwao Korea inaitwa Ring tu. Ya Kimarekani ya Gore Verbinski, ile ya Naomi Watts uliyoiona utotoni, ni ya mwaka 2002. Kwa hiyo muvi uliyoipata kwenye flashi imeitangulia ya Hollywood kwa miaka mitatu, haikuiga Marekani kwa lolote, na rafiki yako kama alikuwa na wazo hilo kichwani alitoe.

Sasa jiulize, kwa nini Wakorea waifanye upya muvi ya jirani yao ambayo haijamaliza hata mwaka mmoja na nusu tangu itoke? Kwa nini wasiinunue tu, waweke maandishi ya Kikorea chini, wauze tiketi? Hawakuruhusiwa. Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 mpaka 1945, utawala mkali ambao mpaka watu walilazimishwa kubadili majina yao yawe ya Kijapani, na baada ya uhuru Korea Kusini ikafunga mlango kwa muvi, nyimbo na katuni za Kijapani, miaka zaidi ya 50 mlango umefungwa. Oktoba 1998 Rais Kim Dae-jung ndo akaanza kuufungua, tena kwa kuuchungulia tu, muvi zilizoruhusiwa mwanzo ni zile zilizoshinda tuzo kwenye matamasha makubwa ya dunia. Hana-bi ya Takeshi Kitano iliyokuwa imeshinda tamasha la Venice mwaka 1997 ikaingia Desemba 1998, ndo ya kwanza kabisa. Sasa muvi ya mzimu unaotambaa kutoka kwenye TV haina tuzo ya Venice, kwa hiyo ilibaki nje. Njia halali iliyokuwepo ya kumwonyesha mtazamaji wa Seoul stori hii ukumbini ilikuwa moja, kuipiga upya kwa Kikorea na waigizaji wa Kikorea. Mlango ukafunguliwa tena kidogo Septemba 1999, na Ringu yenyewe ikaingia Korea Desemba mwaka huohuo, miezi sita baada ya ile ya Kikorea. Yaani watu wengi kule waliiona ya pili kabla ya ya kwanza, kama wewe.

Mi naona mtu akilijua hili hawezi tena kusema "kopi tu". Kuna kopi ya uvivu na kuna kopi ya mtu aliyezuiwa kuona.

Lakini haya, tuiangalie yenyewe, ni kopi au siyo? Ya Kikorea inajitambulisha kwamba imetoka kwenye riwaya, na siyo uongo, ila siyo ukweli wote. Kitabuni mwandishi wa habari anayefuatilia vifo ni mwanaume, ana mke na mtoto wa kike. Nakata na Takahashi wakamgeuza awe mwanamke, Reiko, ameachana na mumewe, analea mtoto wa kiume peke yake. Kwenye ya Kikorea mwandishi wa habari ni Sun-joo, naye mwanamke anayelea peke yake, kwa hiyo hapo wamefuata muvi, ila mtoto wake ni wa kike, hapo wamefuata kitabu. Unaona wanavyochota huku na huku? Msaidizi wa Sun-joo, yule Choi Yeol, ni daktari, mtu baridi asiyecheka, na kitabuni msaidizi alisomea udaktari kabla ya kuhamia falsafa, hapo ni kitabu tena. Halafu inakuja ile sini ya binti kutoka kwenye TV. Hiyo kitabuni haimo kabisa. Kitabuni watu wanakufa moyo unasimama, basi, hakuna anayetambaa. Hiyo sini waliibuni watu wa Ringu, na Wakorea wameichukua nzimanzima, nywele usoni, mikono sakafuni, jicho karibu kabisa na kamera. Walikuwa na kitabu mezani lakini hiyo hawakuweza kuiacha, na kusema kweli nani angeweza.

Ngoja nikae hapo kwenye hiyo sini maana ndo mahali pa kupimia. Ringu imeiweka mchana. Mchana kweupe. Ryuji yuko chumbani kwake, yule mume wa zamani wa Reiko, shati jeupe, anaandika mezani, mambo yamekwisha, mifupa ya Sadako, yule binti wa laana, wameshaitoa kisimani, Reiko ameshapita muda wake wa kufa na hajafa. Huyu mtu anaandika tu. Nyuma yake TV inajiwasha yenyewe. Kwenye sikrini kuna kisima, picha ina chenga. Anageuka. Kutoka kisimani unapanda mkono, halafu kichwa, halafu mwili mzima wa nguo nyeupe, unakuja huku, unakuja huku, na wewe mtazamaji unajipa moyo kwamba ukifika kwenye kioo utaishia pale. Hauishii pale. Unatoka. Vidole viko sakafuni na havina kucha, na kucha hizo tulishaziona kabla, zimekwama kwenye ukuta wa kisima, maana yule binti alitupwa mle akiwa hai akajaribu kupanda.

Na ule mwendo wake, unajua waliufanyaje? Sadako aliigizwa na Rie Inō, wakamwambia atembee kinyumenyume kwa kuvutavuta mwili, halafu mkanda ukachezwa kwa kurudisha, kwa hiyo unachokiona ni mtu anayekuja mbele kwa mwendo wa mtu anayeondoka. Macho yako yanajua kuna kitu hakiko sawa lakini huwezi kukitaja. Hakuna damu hata tone, ni mwanamke mmoja na wazo moja zuri. Muziki wa Kenji Kawai nao siyo muziki wa kukurushia "paa!" uruke kwenye kiti, ni kama mtu anaburuza chuma chumba cha pili.

Ya Kikorea wamefuata hatua zilezile, umeona mwenyewe, na inatisha, sikatai. Ila hofu imeshalainishwa kwa sababu mpaka muda ule umeshamjua Eun-suh, yule binti wa ya Kikorea, ni nani, umeshaambiwa maisha yake, umeshaona uso wake. Sadako wa Ringu uso wake huuoni. Muvi nzima huoni uso, unaona nywele, unaona jicho moja. Mtu usiyeona uso wake utamhurumiaje? Sasa kumbuka Eun-suh kaigizwa na nani, ni Bae Doona, ndo muvi yake ya kwanza kabisa maishani, alianzia kwenye uanamitindo. Huyohuyo ndo yuko kwenye The Host ya 2006, yuko kwenye Cloud Atlas, yuko kwenye Kingdom ile ya mazombi ya enzi za wafalme, bila shaka umemwona. Ukiwa na uso kama ule kwenye muvi yako huwezi kuufunika na nywele mwanzo mpaka mwisho, ingekuwa hasara, wakaufunua, na walipoufunua huruma ikaingia. Hiyo huruma yako inatoka hapo.

Inatoka na mahali pengine pia, na hili ndo jambo ambalo wachambuzi wengi wa nje hulipita haraka, mi nalipenda kuliko yote. Mizimu ya Korea na mizimu ya Japani imefanana sana kwa mavazi lakini haina tabia moja.

Mavazi kweli yanafanana. Japani mzimu wa kike anavaa kimono nyeupe ya kuzikiwa, nywele zimeachiwa. Korea hivyohivyo, nguo nyeupe, nywele ndefu zimeachiwa, na kule zimeachiwa kwa sababu anayesumbua zaidi ni mzimu wa msichana aliyekufa hajaolewa, mwanamke aliyeolewa ndo alikuwa anafunga nywele juu. Mtoto wa Korea alishamwona huyu kwenye TV tangu mwaka 1977 kwenye kipindi cha hadithi za kale cha KBS, TV ya taifa ya kule, kwa hiyo Sadako alipovuka bahari hakuonekana mgeni. Tatizo likaja kwenye tabia.

Kuna hadithi ya Korea kutoka mji wa Miryang, ya binti anaitwa Arang, baba yake ni hakimu wa pale. Aliuawa na mtu aliyetaka kumharibu, maiti ikafichwa, baba akadhani mtoto katoroka na mwanaume, akaondoka kwa aibu. Kila hakimu mpya akiletwa, usiku wake wa kwanza anakutwa amekufa. Anakufa kwa woga, kwa sababu Arang anamtokea na madonda yake. Mpaka akaja mmoja jasiri, alipotokewa hakukimbia, akamuuliza binti unataka nini. Binti akamweleza. Asubuhi muuaji akakamatwa, maiti ikatolewa ikazikwa kwa heshima, na Arang hakuonekana tena. Umeona? Hakuwa na nia ya kumuua hakimu hata mmoja, alikuwa anatafuta mtu wa kumsikiliza. Wakorea wana neno lao, han, lile fundo la moyoni la mtu aliyeonewa akanyamazishwa, na mzimu wa Korea ni fundo lililokosa wa kulifungua. Lifungue, anaondoka.

Japani siyo hivyo. Mzimu wa kisasi wa Kijapani, wanauita onryō, hasira yake haichagui. Inawaangukia waliomkosea na wasiomkosea, kama radi, kama tauni. Kuna mtu wa kweli wa historia yao, Sugawara no Michizane, mwanachuoni aliyefukuzwa mjini kwa fitina akafia uhamishoni mwaka 903, baadaye radi zikapiga ikulu na wakubwa wakafa, watu wakasema ni yeye. Walifanya nini? Walimjengea hekalu Kyoto, na mpaka leo lipo, wanafunzi wanaenda kuombea mitihani. Yaani hakuondoka, anatunzwa. Na kisima nacho siyo kitu kilichobuniwa na Suzuki, pale ngome ya Himeji kuna kisima watakuonyesha wanakiita cha Okiku, kijakazi aliyetupwa kisimani kwa kusingiziwa kupoteza sahani, usiku anahesabu sahani moja mpaka tisa halafu analia.

Sasa rudi kwenye muvi. Reiko anaingia kisimani, anaikuta mifupa, anaikumbatia kama mama anavyokumbatia mtoto, lile fuvu linamwaga ute mweusi na yeye halitupi. Wewe na mimi tunasema basi, yamekwisha, binti kapata wa kumsikiliza. Kesho yake Ryuji anakufa. Sadako hakutaka kusikilizwa wala kuzikwa, alitaka kuenea. Kwa Mjapani hilo linatisha lakini analijua kwenye damu. Kwa Mkorea aliyekuzwa na Arang ni kuvunjiwa ahadi ya tangu utotoni. Ndo maana mi huwa nasema mwisho wa ya Kikorea ukiuangalia kwa macho ya Kikorea ni mkali kuliko wa Kijapani, ingawa umepigwa picha kwa ustadi mdogo zaidi. Kim Dong-bin kakuletea binti wa aina ya Arang kabisa, kakupa uso wake na uchungu wake, moyo wako ukaegemea upande wake, halafu binti hakusamehe. Huruma yako haikusaidia kitu. Hapo nampa heshima yake.

Jambo la tatu ni mwili wa binti mwenyewe. Riwayani Sadako ni huntha. Kwa nje ni mwanamke, tena mzuri, lakini ndani mwili wake una viungo vya kiume, hawezi kuzaa. Daktari mmoja wa hospitali ya kifua kikuu anambaka, anagundua siri hiyo, anamuua na kumtupa kisimani, na daktari huyo alikuwa na ndui, mgonjwa wa mwisho wa ndui Japani. Kwa hiyo laana ya mkanda kitabuni ni kirusi kweli, hasira ya mtu asiyeweza kuzaa imechanganyika na ugonjwa uliokuwa unatoweka, vyote viwili vinatafuta namna ya kuzaana. Hilo neno "virus" kwenye jina la Kikorea la soko la nje linatoka huko. Ndui yenyewe, kama hujui, mgonjwa wake wa mwisho duniani aliyeupata kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu hapa, mpishi wa hospitali mji wa Merka, Somalia, mwaka 1977, na muulize mama yako akuonyeshe kovu la chanjo kwenye mkono.

Nakata hilo la huntha kalifuta lote. Akamweka baba badala yake: mama yake Sadako ana uwezo wa kuona mambo, msomi mmoja anamleta mbele ya waandishi wa habari wampime, wanamwita tapeli, mama anakwenda kujirusha kwenye volkano ya Mihara kisiwani Izu Ōshima, na huyo msomi ndo baadaye anampiga binti na kumsukuma kisimani. Hata hapo kuna historia ya kweli nyuma yake, mwaka 1910 Profesa Tomokichi Fukurai wa chuo kikuu cha Tokyo alimpima hadharani mwanamke anaitwa Chizuko Mifune, wakamshuku, na mwanzoni mwa 1911 akanywa sumu. Mjapani akiiona ile sini ya waandishi wanaopiga kelele anajua inazungumzia nini.

Wakorea wamemrudisha huntha. Eun-suh kazaliwa hivyo, na dunia ilimfanyia yale ambayo dunia huwafanyia watu kama yeye. Ningependa wangelishika kwa mikono laini zaidi, kuna mahali siri ya mwili wake inafunuliwa kama kitu cha kushtua watu, na mtu aliyezaliwa hivyo siyo kitisho, siyo laana. Hilo ni kosa na nalisema wazi. Lakini angalau yupo. Ringu imemfuta, na ilipomfuta sababu ya hasira yake ikabaki haijulikani vizuri, jambo ambalo kwa hofu ni zuri na kwa utu siyo zuri. Ulipomhurumia ulikuwa unaona kitu ambacho Ringu imekificha makusudi.

Ila kuna kitu Wakorea wamekipoteza ambacho mi siwezi kuwasamehe kirahisi, nacho ni baba. Ringu ina mtoto mdogo anaitwa Yōichi, miaka saba hivi, hasemi sana, mama akienda msibani anakuta mtoto ameshamtolea nguo za kuvaa. Ryuji ni baba yake lakini walishatengana siku nyingi. Kuna asubuhi mvua inanyesha, Ryuji anakuja kwa Reiko, mtoto anakwenda shule, wanakutana njiani na miamvuli yao. Wanasimama. Wanaangaliana. Hakuna anayesema hata neno, halafu kila mmoja anapita zake. Ni sekunde chache tu na hakuna mzimu, hakuna muziki, lakini ukija kukumbuka kwamba huyu baba anakwenda kufa, na mama atakuja kufikiri nani mwingine wa kumpa mkanda ili mtoto apone, roho inauma. Kwenye ya Kikorea Choi Yeol na Sun-joo hawakuwahi kuoana, wamekutanishwa na hii kesi tu, kwa hiyo hicho kitu hakipo. Wamebaki wapelelezi wawili, na wanaeleza sana, kila fumbo likifunguliwa kuna mtu wa kukuelezea limefunguliwaje. Ringu wanaeleza kidogo na wanakuacha unatembea gizani mwenyewe.

Chukua ule mkanda wenyewe wa Ringu. Mwanamke anachana nywele kwenye kioo, herufi zinatembeatembea kwenye karatasi kama siafu, watu wanatambaa kinyume, mtu amefunikwa kitambaa kichwani ananyoosha kidole, kisima. Hakuna anayekupa maana. Na njia wanayoifuata kufika kisiwani ni sentensi moja tu kwenye saundi, inayosemwa kwa lahaja ya Ōshima. Ni kama wewe usikie mkanda una neno moja la Kimakunduchi ndani, ukajua papohapo safari ni Unguja kusini. Mi napenda sana hapo, lugha ndo ramani.

Halafu kuna hili la kuwapa wengine ili upone, maana umeniuliza na mambo mapya. Anayenakili mkanda na kumwonyesha mwingine anaishi, asiyenakili anakufa siku ya saba. Sisi huku hatuhitaji kuelezwa sana. Mwaka 1995 Popobawa alipotikisa Pemba na Unguja watu walilala nje makundi kwa makundi, na ilikuwa inasemwa kwamba aliyepatwa asipowaambia wengine yatamrudia. Na zile meseji za "watumie watu kumi la sivyo" nani hajazipata. Hofu ambayo dawa yake ni kuipeleka kwa jirani ni hofu tunayoijua, kwa hiyo mwisho wa Ringu, pale Reiko anapoendesha gari na mkanda na deki, ameshampigia baba yake mzee simu, mbele mawingu meusi yamefunika barabara, usiuangalie kama mambo ya Wajapani huko mbali. Ni mama anaamua nani katika ukoo abebe mzigo ili mwanawe abaki. Mi nimeiona mara nyingi na kila mara nafikiria ningempigia nani.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: rafiki yako amekosea kusema umepoteza muda, lakini ipo sababu ya kuitafuta ya Kijapani, utaona kipya kingi. Ringu ni muvi kubwa zaidi, sina wasiwasi na hilo, kwa saundi, kwa kunyamaza, kwa namna inavyoamini mtazamaji atajaza mwenyewe. Ya Kikorea ni muvi iliyotumikia mabwana wawili, kitabu mkono huu na Ringu mkono huu, haikutosheleza yeyote vizuri, lakini mahali hapo pa binti mwenyewe imefanya kitu ambacho haikukiiga kwa mtu. Ukishamaliza Ringu kama bado una hamu, chukua Whispering Corridors ya 1998 na A Tale of Two Sisters ya 2003, uone Wakorea wakitisha watu kwa stori zao wenyewe bila kukopa. Ring 2 ya 1999 ni ya Nakata huyohuyo, haina haraka. Ukitaka kumwona Sadako akiwa mtu, binti wa maigizo, kabla ya kisima, tafuta Ring 0 ya mwaka 2000, hiyo kwa moyo wako wa huruma itakufaa.

Namna ya kuiangalia: usiangalie kwenye simu, tafadhali. Tafuta TV, hata kama ni ya jirani, maana muvi nzima imejengwa juu ya hilo boksi lililokaa sebuleni. Zima data, sauti iwe ya kutosha lakini siyo juu, maandishi ya chini yawe ya lugha unayoisoma haraka. Ni kama saa moja na nusu tu. Na ukifika pale Ryuji amekaa mezani na shati lake jeupe anaandika, usiikimbilie TV kwa macho. Angalia kwanza mwanga ulivyo mle chumbani, uone ni saa ngapi.